Sauli alisema amekosa, Daudi alisema amekosa



Siku ya ine, katika mafundisho ya jioni, tulifika sura ya 12 ya kitabu cha pili cha Samweli. Tulisoma, tukaeleza, kisha tukauliza kama kuna mwenye ulizo. Mama mmoja wa kikundi cha wamama, mtu asiyesema mara nyingi, akasimama na mtoto mgongoni. Akasema: "Baba shemasi, Sauli aliacha kondoo wakiwa hai, akanyang'anywa ufalme. Daudi alichukua mke wa mtu, kisha akamwua mwenyewe, naye akabaki juu ya kiti. Je, Mungu ana upendeleo?"

Tulimjibu upesi, namna sisi mashemasi tunavyojibu wakati ulizo linapotuzidi nguvu: ya kwamba njia za Mungu hazichunguziki. Mama akaketi. Lakini tuliona usoni mwake ya kuwa hakushiba, kama mtu aliyepewa maji pahali pa bugali. Tulienda nyumbani na ulizo lake, tukalala nalo, tukaamka nalo. Leo tunaandika kwa sababu lilitugusa sisi kuliko yeye alivyojua.

Kwanza tupime. Kama kesi hizi mbili zingaletwa kwenye barza ya wazee kijijini kwetu, ni nani angelipa mbuzi wengi? Sauli alitumwa kupigana na Waamaleki na kuharibu kila kitu chao. Alishinda vita, akamhifadhi mfalme wao Agagi, na pamoja na watu wake akabakisha kondoo na ng'ombe walionona. Daudi alibaki Yerusalema wakati wafalme wanapokwenda vitani, akaona mke wa mtu akioga, akamwita. Mwanamke alipopata mimba, Daudi akamrudisha Uria kutoka vitani kusudi alale nyumbani na jambo lifunikwe. Uria akakataa kulala nyumbani kwake wakati wenzake wanalala mahemani na sanduku la Mungu liko huko. Daudi akamlewesha, hata mlevi Uria alilala mlangoni pamoja na watumishi. Basi Daudi akaandika barua kwa Yoabu ya kwamba mtu huyu awekwe pahali pa vita kali, wenzake warudi nyuma. Na barua hiyo akaitia mikononi mwa Uria mwenyewe aipeleke.

Hapo tusimame kidogo. Mtu anasafiri na kifo chake ndani ya mfuko, wala haifungui barua, kwa sababu ni mwaminifu. Daudi alitegemea uaminifu wa Uria kusudi amwue. Tena hakufa peke yake, askari wengine walikufa naye chini ya ukuta. Na habari ilipofika, mfalme alimtuma mjumbe amtulize Yoabu, kwamba upanga hula huyu na huyu, asisikitike. Wazee wa barza yetu hawangeitaja hata kesi ya kondoo siku ile.

Kwa hiyo ulizo la mama ni la kweli. Wanaosema dhambi ya Daudi ilikuwa ndogo hawajasoma. Wanaosema Daudi alisamehewa kwa sababu alikuwa mpendwa tangu mbele wanamtia Mungu makosa ya baba mwenye kupendelea mtoto mmoja katika nyumba, nasi tunajua uharibifu wa nyumba za namna hiyo. Tunapashwa kutafuta pengine.

Tulitafuta katika midomo yao. Wote wawili walisema wamekosa. Sauli alisema katika sura ya 15 ya kitabu cha kwanza. Daudi alisema katika sura ya 12 ya kitabu cha pili. Neno ni lile lile. Lakini angalieni njia aliyopita kila mmoja mpaka kulifikia.

Samweli alilia usiku kucha mbele ya kwenda. Asubuhi akaambiwa ya kuwa Sauli amepitia Karmeli kusimamisha ukumbusho wa jina lake. Alipomkuta Gilgali, Sauli ndiye aliyeanza kusema, akampa baraka na kujisifu kwamba amefanya yote aliyoagizwa. Samweli akamwuliza: basi, sauti hii ya kondoo masikioni mwangu ni ya nini? Kondoo walikuwa wanashuhudia, hawakujua kusema uwongo. Sauli akajibu, na jibu lake tumelisoma mara nyingi sana, kwa maana ni jibu la mtu mwenye akili: wao wamewaleta, watu ndio waliobakisha wanyama wazuri, ni kwa ajili ya sadaka, na waliobaki, sisi tumewaharibu. Mmesikia? Pahali pa kosa ni "wao". Pahali pa utii ni "sisi". Katika mstari mmoja wa Maandiko mtu amegawanya kazi: mbaya ya watu, nzuri yake. Tena asema sadaka ni kwa Mungu "wako", akimwambia Samweli, kana kwamba Mungu huyu ni wa nabii peke yake na mfalme ni mgeni tu kwake.

Samweli alipozidi kumbana, alisema amekosa, akaongeza papo hapo ya kuwa aliogopa watu. Na mwisho kabisa, wakati kila mlango umefungwa, alikubali tena kwamba amekosa, lakini akaomba jambo moja: Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake na mbele ya Israeli. Hakuomba moyo mpya. Hakuuliza wale kondoo wafanywe nini sasa. Aliomba wazee wasijue.

Tusimcheke. Sauli tunamhurumia. Siku walipomchagua alikuwa amejificha kati ya mizigo. Huko Gilgali aliona watu wanamkimbia mmoja mmoja, akabaki na watu kama 600, na Samweli anakawia mpaka siku ya saba. Akatoa sadaka isiyokuwa kazi yake kwa sababu aliogopa kubaki peke yake. Ugonjwa wake ni mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho: macho ya watu. Mtu anayeogopa macho ya watu hawezi kuungama, kwa maana kuungama ni kujiweka mbele ya macho hayo. Atasema maneno ya kuungama, ndiyo, lakini atayasema kama mtu anayelipa kodi ili askari aondoke.

Sasa Daudi. Nathani alimletea habari ya maskini mwenye mwanakondoo mmoja aliyekunywa katika kikombe chake na kulala kifuani pake, na tajiri aliyemchukua kwa ajili ya mgeni wake. Daudi akawaka hasira, akakata kesi: mtu huyu amestahili kufa, na tena atalipa mara ine. Nathani akamwambia ya kwamba mtu huyo ni yeye. Kisha akamfungulia yote: kwamba Daudi alifanya kwa siri, lakini malipo yake yatakuwa mbele ya Israeli yote, wakati wa jua.

Na Daudi akajibu kwa maneno machache. Wenye kujua Kiebrania wanasema jibu lake lote ni maneno mawili tu. Hakusema yule mwanamke alikuwa anaoga pahali pa wazi. Hakumtaja Yoabu, ingawa Yoabu ndiye aliyepanga askari. Hakusema ya ulevi wala ya vita. Hakuomba Nathani anyamaze. Alikuwa amekwisha kusikia ya kwamba siri itatoka, naye hakuomba irudi ndani.

Tunadhani hapa ndipo mizani inapogeuka. Mungu hakupima kondoo na damu akaona kondoo ni wazito. Alimpata mtu mmoja anayetaka kubaki mfalme hata kama si mwenye haki, na mtu mwingine aliyekubali kuitwa mwuaji mbele ya nabii wake bila kujitetea. Na kama mtu anaona tunasema hivi kwa kupendelea Daudi, asome sura ya 24. Huko Daudi alikosa tena: alihesabu watu wake, kazi ya miezi 9 na siku 20, na tauni ikaua watu 70,000. Alipoona malaika anapiga, aliomba mkono ule uwe juu yake na juu ya nyumba ya baba yake, kwa maana wale watu ni kondoo tu, hawakufanya kitu. Wekeni hayo karibu na Gilgali. Sauli alijificha nyuma ya kondoo. Daudi alisimama mbele yao.

Tulipofika hapa katika kuandika, tulifunga kaye na kuweka biki. Ingekuwa rahisi kumaliza: tuungame kama Daudi, tusiungame kama Sauli, Amina. Lakini kuna jambo letu ambalo wengi katika kanisa wanalijua na wengine hawalijui, na hatuwezi kufundisha sura hii huku tumelikalia.

Miaka michache iliyopita kanisa letu lilichanga feza za kununua manjanja ya paa. Kese iliwekwa katika nyumba yetu sisi tunaoandika. Watu walitoa falanga kidogo kidogo; mzee mmoja aliuza mbuzi wake akaleta bei yote, hakubakisha hata ya chumvi. Kisha tulipata kilio katika jamaa. Sanduku la maiti, chakula cha matanga, safari ya ndugu waliotoka mbali, vyote vilitutazama sisi kwa kuwa ndisi mkubwa wa nyumba. Tulifungua kese. Tuliapa moyoni kurudisha mbele ya mwezi kuisha. Mwezi ukaisha, na wa pili. Bei ya manjanja huhesabiwa kwa dola, na falanga ilikuwa inashuka. Kila siku tuliyokawia, ile feza tuliyokula ilizidi kuwa kubwa. Mvua ikaanza. Wamama wakasali chini ya mahema yaliyotoboka, na sisi tukasimama mbele yao na kutangaza zaburi.

Siku moja wakubwa wa kanisa wakaomba kuona kese. Tulisema yale Sauli aliyosema, mstari kwa mstari, na tunakiri hatukutambua siku ile. Tulisema ndugu walitulazimisha. Tulisema ilikuwa kwa ajili ya matanga, na kuzika ni kazi ya Mungu. Mwisho tukasema: "Tumekosa. Lakini tafadhali, jambo hili lisifike kwa waimbaji na wamama."

Kati yao alikuwamo mama mzee, mwonaji, ambaye leo amelala katika Bwana. Alituangalia, akauliza: "Tumekosa? Ninyi ni wangapi?"

Hatukuwa na jibu. Kese ilikaa kwetu peke yetu. Akaongeza: "Mwana wangu, unaomba msamaha ao unaomba kitambaa cha kufunika?"

Msomaji ataona ya kuwa hata leo tunaandika "sisi". Ni desturi ya jarida hili, na shemasi hasemi kwa jina lake mwenyewe. Lakini tunajua sasa namna neno hili dogo lilivyo nyumba kubwa ya kujificha. Basi mjue: aliyekula feza za manjanja alikuwa mtu mmoja, si kamati, si jamaa, si kilio.

Siku ya yenga iliyofuata tulisimama mbele ya kanisa lote, waimbaji na wamama na watoto, tukasema kiasi tulichokula na kwa nini. Hatukusema habari za ndugu. Tulilipa kwa miezi 11. Tuliuza baiskeli na cherehani ya nyumbani. Bibi yetu ndiye aliyeumia juu ya cherehani, wala hakuwa amekosa kitu. Manjanja yalinunuliwa, paa likawekwa. Na yule mzee wa mbuzi alikufa majuma matatu mbele ya paa kuwekwa. Tulirudisha kila falanga yake, lakini hakukaa chini ya paa lake hata siku moja.

Ni yeye anayetufundisha sehemu ya pili ya sura hii, ambayo wahubiri wengi wanairuka. Daudi alisamehewa siku ile ile, katika pumzi ile ile. Kisha mtoto akafa siku ya saba. Kisha upanga haukutoka katika nyumba yake. Watu huuliza: kama amesamehewa, sababu gani tena adhabu? Je, Mungu anasamehe kwa mkono mmoja na kupiga kwa mkono wa pili?

Hatujui kueleza kifo cha mtoto yule, na hatutaki kumpa mzazi yeyote aliyefiwa sababu ya kujihukumu. Mwana asiyejua kitu alikufa, na Daudi mwenyewe alilala chini akifunga. Lakini mengi ya yale mengine tunayaelewa kwa sababu tumeyaona. Msamaha ulimrudisha Daudi kwa Mungu. Haukumrudisha Uria nyumbani kwake. Msamaha si kuamuru jana isiwepo. Kosa ni kama moto wa shamba: unaweza kumsamehe aliyeuwasha hata moto haujazimika, nao utaendelea kula majani mpaka mtoni.

Someni sura ya 13. Amnoni, mwana wa Daudi, alimharibu Tamari, binti wa Daudi. Mfalme alisikia, akakasirika sana. Na kisha? Hakuna. Hakumwita Amnoni, hakumlilia Tamari, hakuweka barza. Maandiko hayasemi kwa nini, nasi tunakisia tu. Lakini sisi wazazi tunakisia bila shida. Angesema nini? Amnoni angeweza kumtazama machoni na kutaja jina moja tu. Baba aliyekosa kosa lile lile hupoteza mdomo wake. Anakasirika na kunyamaza. Na Absalomu akaona baba amenyamaza, akangoja miaka miwili, akamwua Amnoni, akakimbilia Geshuri miaka mitatu, akarudi, akakaa Yerusalema miaka miwili mingine bila kuona uso wa baba. Hesabuni: ni miaka saba ya kimya katika nyumba moja. Na vita vya Absalomu vilitoka katika kimya hicho.

Ni baba wangapi kati yetu wamenyamaza namna hiyo? Kijana wako analeta feza nyumbani, huulizi zimetoka wapi, kwa kuwa naye anajua zako zilitoka wapi. Sisi tuliona. Baada ya jambo la kese, mtoto wetu alidanganya katika masomo, akabadilisha hesabu ya alama katika karatasi yake. Tulimwita, na mdomo ukakauka. Siku ile tulimwelewa Daudi kuliko siku zote. Lakini kwa sababu tulikuwa tumekwisha kusimama mbele ya kanisa, na mtoto alikuwa amekaa pale akatusikia, tuliweza kumwambia: "Unajua baba yako alifanya nini, na unajua alilipa namna gani." Tukaenda naye kwa mwalimu. Kama tungalipata kile kitambaa tulichoomba, hatungalikuwa na neno la kumwambia.

Kuna tena jambo la kulipa. Daudi mwenyewe alikata kesi ya mara ine, kufwatana na Sheria, kwa maana kitabu cha Kutoka kinaagiza kondoo wane kwa kondoo mmoja aliyeibwa. Mfalme Ahabu naye, baada ya Naboti kuuawa juu ya shamba la mizabibu, alisikia neno la Eliya, akararua nguo zake, akavaa gunia, akafunga, akatembea polepole. Mungu aliona unyenyekevu huo na akakawisha msiba mpaka siku za mwana wake. Lakini tumesoma sura ile ya 21 mpaka mwisho, hatukuona pahali Ahabu anaporudisha shamba. Gunia alivaa, shamba alibaki nalo. Ni Zakayo, mtoza kodi, mtu mfupi asiye mfalme, aliyekuja kusimama katika nyumba yake na kusema atarudisha mara ine. Hukumu iliyotoka katika kinywa cha Daudi ililipwa na Zakayo. Hili limetufurahisha sana, kwa kuwa kanisani tunapenda gunia. Tunalia, tunagaagaa chini, tunavaa nyeupe kesho yake. Mwenye shamba yuko wapi?

Tulioanza masomo wakati inchi iliitwa Zaïre tunakumbuka kuimba sifa za kiongozi mbele ya kuingia darasani. Baadaye, katika Mkutano Mkuu wa Taifa uliofanyika Kinshasa tangu 1991 mpaka 1992, kulikuwa hata na tume ya kuchunguza mali iliyopatikana kwa njia mbaya. Tangu wakati ule watu wetu wamekuwa mafundi wa kuhesabu dhambi za wakubwa, na wakubwa hawakuacha kutupa kazi. Hatusemi ni vibaya. Nathani hakwenda kwa mchungaji wa kondoo, alikwenda kwa mfalme. Lakini kese ya manjanja haikuwa Kinshasa.

Na wale waliokuwa karibu na Daudi? Wajumbe waliotumwa kumleta Bathsheba walijua ni mke wa nani. Yoabu alisoma barua akaitii. Watumishi waliona Uria analala mlangoni. Nyumba nzima ilijua, mtoto akazaliwa, na ni mmoja tu aliyesema, naye alisubiri mpaka Mungu amtume. Katika kanisa letu na katika mengine, mtu akitaka kusema juu ya kosa la kiongozi huambiwa asiguse mpakwa mafuta wa Bwana. Na humtolea mfano wa Daudi pangoni huko Engedi, aliyemwacha Sauli hai. Ni kweli. Lakini wanafunga kitabu mapema. Daudi alitoka pangoni nyuma ya Sauli, akamwita kwa sauti mbele ya majeshi yote, akamwonyesha kipande cha joho mkononi, akamwambia wazi ya kuwa anamwinda mtu asiye na hatia. Mkono wake haukumgusa mpakwa mafuta. Mdomo wake ulimgusa sana. Vile vile makuhani 80 pamoja na Azaria walimsimamia mfalme Uzia uso kwa uso alipoingia kufukiza uvumba. Kuheshimu na kunyamaza ni vitu viwili. Yule mama mzee alituheshimu kuliko wote waliojua na kutusalimia kwa upole.

Bado tunaona ishara za kosa letu. Siku ya kuhesabu matoleo, kuna ndugu mmoja anayekuja kusimama karibu na meza, anahesabu kwa macho pamoja nasi. Mwanzo ilituchoma. Daudi alipokimbia Absalomu, Shimei alimfuata njiani akimtupia mawe na kumwita mtu wa damu. Abishai akataka kumkata kichwa, Daudi akakataza, akasema huenda Bwana ndiye aliyemtuma. Basi sasa tunasogeza kiti ili ndugu yule aone vizuri zaidi.

Tulipomaliza kuandika mengi ya haya, tulikwenda kwa yule mama wa ulizo, tukamsomea pale barazani kwake huku anachambua sombe. Alisikiliza mpaka mwisho. Tulimwonyesha pia ya kuwa Maandiko hayakukubali jina la Uria lifutwe: liko katika orodha ya mashujaa wa Daudi, sura ya 23, jina la mwisho kabisa, na Matayo, anapohesabu mababu wa Bwana wetu, hamtaji Bathsheba kwa jina, anamtaja kuwa aliyekuwa mke wa Uria. Mama aliacha sombe, akafikiri.

Kisha akasema: "Baba shemasi, nimeelewa. Lakini Daudi aliungama kwa Mungu, na Nathani akasikia. Nani alikwenda kwa jamaa ya Uria?"

Tulimwambia hatukuona pahali. Akaendelea kuchambua. Tulitoka kwake tukapita kwa wajukuu wa yule mzee wa mbuzi. Tulikuwa hatujafika huko tangu mazishi.

Siku ya ine tunaendelea na sura ya 13. Kila mtu alete Biblia yake.